Simba Iliyoninyima Msamaha wa Kodi

Serikali inawapenda sana watu wasio na nyumba. Niligundua hivyo kwenye kijitabu chenye picha ya baba, mama na watoto wawili wakicheka mbele ya mlango mpya. Mtaani kwetu Kaloleni hakuna anayecheka mlangoni. Mlangoni ndipo tunapofulia, tunapogombania na tunapodaiwa. Kijitabu kilisema kwamba anayenunua nyumba yake ya kwanza maishani, katika mpango wa nyumba nafuu, hatatozwa ushuru wa stempu. Kilisema pia kwamba riba ya mkopo wa nyumba huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukatwa. Niliyasoma hayo nikiwa kwenye karakana yetu ya Kariobangi, ninakochomelea milango ya vyuma ya nyumba za watu wengine, nikajiona mtu ambaye hatimaye ametambuliwa. Kama sifa ni kukosa nyumba, mimi nilikuwa na uzoefu wa kutosha.

Wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine, nilikuwa kidato cha pili. Ndugu za baba walikaa chini ya hema la matanga kabla mwenyewe hajaja kulichukua, wakaanza kutugawa: dada yangu kwa shangazi, kitinda mimba wetu kwa mjomba, mimi popote nitakapofaa. Walitugawa kwa utulivu, kama watu wanaogawana sahani zilizobaki. Nikasema hatugawanywi. Nikaacha shule, nikarudi nao Kaloleni kwenye nyumba aliyopangishwa baba alipokuwa mfanyakazi wa reli, nikaanza kubeba vyuma. Tumekaa humo sote watatu mpaka tukawa watu wazima. Lakini fununu za kubomolewa kwa mtaa, ambazo tulikuwa tumezizoea kama kelele za jirani, zikaanza kusemwa na watu waliovaa suti. Nilizunguka hadi mtaa wa Mowlem nikitafuta pa kupanga. Kila nilipotaja watu wazima watatu, niliambiwa kuna chumba kimoja huku na kingine kule. Ndipo nikaamua kununua. Sikutafuta fahari. Sikutaka tingatinga ifanye kazi iliyowashinda ndugu za baba.

Afisa wa mikopo wa benki alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za zambarau, ambazo zilipiga kompyuta kama mvua kwenye mabati.

“Mwajiri wako ni nani?” aliniuliza.

“Mimi mwenyewe, madam.”

“Nani anathibitisha mapato yako?”

“Mimi.”

“Na ukijifuta kazi?”

Nikamwambia tumewahi kukosana, lakini tulisuluhishana. Hakucheka. Alikagua rekodi za akiba yangu kwenye chama cha wachomeleaji na miamala ya simu yangu ya miaka mitatu, akiniuliza kwa nini nilimtumia fulani pesa na kwa nini fulani hakunirudishia, maswali ambayo hata mimi hujiuliza. Mwishowe akaridhika kwamba ninaweza kukopeshwa, ingawa kwa riba ya watu wanaojiajiri, yaani watu wasioaminika. Lililobaki lilikuwa ule msamaha wa ushuru. Bila huo, akiba yangu isingetosha.

“Umewahi kumiliki nyumba mahali popote nchini?”

“Ndiyo,” nikajibu, mgongo umenyooka.

Lazima nieleze upumbavu huo. Kwetu magharibi, mwanamume mzima akiulizwa na mgeni kama ana nyumba, hasemi hana. Na mimi ninayo. Baba alipokufa, wazee walisema hawezi kuzikwa huku kifungua mimba wake wa kiume hana nyumba bomani. Basi mwili ungali mochari, baba mdogo na majirani wakanijengea simba, ndivyo tunavyokiita kijumba cha kijana katika boma la babake. Walisimamisha miti, wakakandika udongo, wakaezeka kwa mabati yaliyokuwa yamefunika zizi. Nililala humo siku za matanga, mlango ukiwa gunia. Tangu hapo nikiwa mjini mtu akiniuliza, ninasema nina nyumba, na mgongo unanyooka wenyewe.

“Ina vyumba vingapi?” afisa akauliza.

“Kimoja.”

“Kuna mtu anaishi humo?”

“Mbuzi wa baba mdogo.”

“Wanalipa kodi?”

“Wanakaa tu.”

Kucha zikagonga. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi, kisha akaniambia kwa upole kwamba mimi si mnunuzi wa mara ya kwanza. Msamaha haunihusu. Labda chifu wa kwetu aandike barua kwamba sina nyumba.

Nilifanya kosa la kumsimulia mwenzangu wa karakana. Siku nzima alinisalimia kwa sauti ya mnada. “Niaje landilodi! Mbuzi wamepandishiwa kodi ama bado?” Wateja wakageuka kunitazama, wengine kwa heshima.

Nikampigia baba mdogo.

“Unataka chifu aandike nini?” akauliza.

“Kwamba sina nyumba, baba.”

“Simba nimekujengea kwa mikono hii!”

“Ninajua, baba. Ni karatasi ya mkopo tu.”

“Chifu husoma barua zake kwa sauti. Unataka asome mbele ya watu kwamba mtoto wa kwanza wa ndugu yangu hana nyumba? Kwani wewe umepotea? Umekuwa mtu wa barabarani?”

“Basi tuibomoe, baba. Ni ya mbuzi.”

 Akasema, “Simba haibomolewi kwa sababu ya benki,” akakata. Baadaye alinitumia picha. Alikuwa amewatoa mbuzi na kuikandika simba upya upande wa mbele, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni amevaa koti. Nilitafuta ushahidi kwamba sina nyumba, naye akaniongezea thamani ya ile ninayokanusha.

Nilirudi benki na picha hiyo. Afisa aliichukua simu, akaikuza, akapiga kelele iliyowaamsha walinzi.

“Jameni, hii ni simba! Kwetu kaka zangu wote wanazo. Mmoja yuko Ughaibuni na yake ina kuku!”

“Basi ifute hiyo ndiyo, dada yangu.”

“Bila barua ya chifu siwezi. Ulisema mwenyewe ukatia sahihi. Mfumo unauliza nyumba, hauulizi mbuzi.” Akainama kidogo. “Kwenu hakuna mtu ambaye hakujengewa?”

“Ni dada yangu tu. Kitinda mimba wetu naye alijengewa simba alipobalehe.”

“Ana payslip?”

Dada yangu ni karani katika kiwanda cha mikate. Ana payslip safi, karatasi ya mshahara ambayo kila mwezi hukatwa ushuru wa nyumba nafuu, na kwa muda wote huo hajaona hata tofali moja. Nilimkuta anaosha vyombo Kaloleni, nikamweleza. Kwa mila zetu binti hajengewi chochote bomani, kwa hiyo yeye ndiye pekee kati yetu anayeweza kuapa bila kupepesa kwamba hajawahi kuwa na nyumba.

Alifunga mfereji.

“Kwa hiyo kile nilichonyimwa ndicho kimenipa sifa?”

“Ndiyo hivyo.”

“Wewe ulijengewa nyumba. Mimi nilipewa masufuria ya matanga niyaoshe, nikalala jikoni na shangazi zako wakikoroma. Leo nimshukuru nani, baba mdogo au benki?”

 Nilichukua kitambaa nikafuta sahani.

“Jina litakuwa langu peke yangu?” akauliza.

“Likiandikwa na langu, msamaha unapotea.”

“Na nikiolewa, bro? Mume wangu akikwambia utoke?”

Hilo ndilo nililokuwa nimelikwepa njia nzima. Mwenzangu wa karakana alikuwa ameshaniambia: utalipa miaka kumi na mitano halafu shemeji akufungulie mlango akuulize unamtafuta nani. Nilimtazama dada yangu. Nilimvusha shule kwa vyuma nilivyobeba, nikamsuka nywele vibaya asubuhi nyingi hadi akajifunza kujisuka kwa kuniogopa.

“Uolewe na mtu mwenye simba,” nikasema. “Atakuwa na pa kwenda.”

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akajifuta mikono na kuniuliza kama benki inataka nakala ya kitambulisho au halisi.

Alipita. Mfumo ulimpenda tangu swali la kwanza. Mimi nilitoa akiba ya amana, yeye akatoa kukosa kwake, na ushuru wa stempu ukasamehewa. Ule unafuu wa riba ulipoanza kuonekana kwenye payslip yake, alikaa akauweka kando ya ushuru wa nyumba anaokatwa, akacheka peke yake, wala hakunionyesha. Kitinda mimba alipewa chumba cha nyuma, akalalamika kwamba ni kidogo. Hiyo ndiyo siku nilipojua tumehama kweli, maana Kaloleni hakuna aliyewahi kuwa na chumba cha kulalamikia.

Wiki ya kwanza pale Mowlem, kwenye nyumba mpya, baba mdogo alipiga simu. Alikuwa amesikia tumehamia nyumba isiyoandikwa jina langu, na alikuwa na wasiwasi: kwa mila, mdogo hawezi kuingia nyumba yake kabla ya mkubwa kufanyiwa taratibu zake, na nani angekuja kuifungua, na kuku wa kuchinjwa mlangoni angetoka wapi.

“Nyumba ni ya nani hasa?” akauliza.

“Imeandikwa dada, baba.”

“Msichana?”

“Ndiyo.”

Nilimsikia akishusha pumzi, mzigo umemtoka.

“Ah, basi hiyo si nyumba. Hapo ni mahali pa kukaa tu.”

“Ndiyo, baba,” nikamwambia. “Ni mahali pa kukaa tu.” Nilikuwa roshani, simu nimeibana kwa bega, ninakaza kamba ya nguo, na dada yangu alikuwa ananipigia kelele kutoka ndani kwamba nimeifunga chini sana, shuka za watu watatu zitagusa sakafu.