Mashine Yangu Mpya Ilivyobarikiwa

Kijiji chetu kizima cha Petta, Uganda, kinanicheka, nami nasema wazi: mashine siuzi.

Niliinunua Busia, upande wa Kenya, imeshatumika, ile ya kushona na kudarizi yenyewe. Muuzaji akaniwashia, ikadarizi ua zuri ajabu. "Mama, ngoja nikuonyeshe kuchagua picha." Nikamkatiza: mimi ni fundi, sifundishwi na mchuuzi!

Nyumbani nikaipangusa, nikawatangazia kina mama wa kanisa kwamba ni mpya kabisa, nimeitoa kwenye boksi. Wakataka ibarikiwe. Jumapili nikaipeleka kanisani, Padri akainyunyizia maji ya baraka, nami nikatega kitambaa cheupe cha altare, nikabonyeza kitufe, nikasubiri ua langu.

Sindano ikakimbia, vigelegele vikapaa. Kisha vikakatika kimoja kimoja. Kitambaani ilikuwa inatokea glasi ya bia, na chini yake maneno "Karibu Baa". Nikabonyeza kila kitufe. Ikazidi kuongeza povu. Na lile povu, semeni mtakavyo, halikuwa na uzi hata mmoja uliolegea.

Padri akainama, akasoma, akanigeukia mbele ya waumini wote.

"Mama Athieno, mashine mpya kabisa hii, pombe imejifunzia wapi?"