Uji wa Mzazi Ofisini

Bosi wetu alirudi kutoka semina na neno moja tu mdomoni: mazingira. Eti wafanyakazi wakifurahi, makochi yatauzika yenyewe. Tulikuwa wachache katika ofisi ya karakana ya samani pale Gisozi, Kigali, misumeno ikilia nyuma ya ukuta, naye akaanza kutugawia furaha kama anayelisha kuku. Maputo. Muziki asubuhi. Kabla hujawasha kompyuta, sharti usimame kwenye duara umvike mwenzako kilemba cha ukoka. Mimi nimekulia Tanzania, unafiki nimeuona wa kila namna, lakini wa kupangiwa zamu, jamani, niliukuta hapa.

Wakati huo mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Mtoto alimwacha Kimironko kwa bibi yake, na chupa mtoto ameikataa katakata. Sheria inampa mama saa ya kunyonyesha kila siku. Yeye aliitaka saa sita mchana, apande pikipiki, anyonyeshe, arudi. Basi! Hakuomba gari wala cheo. Bosi alimwita mubyeyi, mzazi, kwa sauti ya asali: "Mubyeyi, hapa sisi ni familia. Vumilia kidogo, kuna mteja." Familia gani inayomnyima mtoto titi? Mchana dada wa watu alijifungia chooni akikamua maziwa na kuyamwaga, akatoka na blauzi imelowa.

Kisha bosi akapata wazo lake kuu. Hapa Kigali mwanamke akijifungua, watu humwendea nyumbani na igikoma, uji wa mtama, apate nguvu na maziwa yashuke vizuri. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Bwana mkubwa akaihamishia ofisini. Akaleta masufuria, akaleta mpiga picha, na shughuli yenyewe akaipanga saa sita mchana. Saa sita! Nilimtazama nikajiuliza kama kichwani mle mna mtu.

Tukapanga foleni na vikombe. Bosi akamkabidhi mzazi kikombe cha kwanza, akageuza uso kwa kamera. "Kunywa, mubyeyi, maziwa yawe mengi!"

"Maziwa ninayo, bosi," akasema. "Saa ndiyo sina. Mtoto analia sasa hivi."

Bosi akacheka, ha ha ha, akampiga begani, akasema anapenda wafanyakazi wenye utani. Hotuba ilifuata, ndefu, kuhusu upendo. Uji ulipoa. Picha zikabandikwa karibu na mlango, wateja wazione.

Dada yule akaendelea kuomba, siku kwa siku, sauti ikipungua. Halafu akaacha. Alikuwa anakaa mezani mchana kutwa, anajibu simu za wateja, blauzi kavu.

Ijumaa moja bosi akatukusanya, uso unang'aa. "Mmeona matunda ya mazingira mazuri? Mubyeyi wetu siku hizi haombi ruhusa hata kidogo! Mtu akipenda kazi, hata nyumbani hakumbuki. Mpigieni makofi!"

Makofi yakaanza. Mwenzangu akasimama, mikono imening'inia.

"Siombi kwa sababu yamekauka, bosi. Mtoto hana tena cha kunyonya."

Sote tukaacha kupiga. Bosi peke yake, na tabasamu lake la semina, aliendelea kupiga makofi.