Vijiji Chini ya Wingu Moja

Mwanangu, uliponiambia umeitwa kwenye usaili, nilikumbuka siku moja ya enzi za Ujamaa, nilipokaa kwenye benchi la benki ya umma pale Tabora mjini. Walitafuta kijana mmoja wa kujifunza kupima hatari ya mikopo ya vijiji. Tulikuwa wengi. Mimi nilikuwa na hesabu nilizojifundisha kwa kitabu cha kuazima. Nikishindwa, ningerudi kijijini kwetu Goweko kulima tumbaku.

Aliyenisaili ni Bi Mwanaidi, mtaalamu wa hesabu kutoka makao makuu. Vyeti vyangu hakuvigusa.

"Ndugu, mfuga nyuki ana mizinga miwili. Kila mmoja hujaa asali au haujai, nusu kwa nusu. Anakwambia walau mmoja umejaa. Kuna uwezekano gani kwamba yote miwili imejaa?"

Jibu la kitabuni nililijua, ila nimekulia penye mizinga. "Samahani, dada. Imetundikwa msitu mmoja?"

"Makubwa! Leo nasailiwa mimi?" Akacheka. "Kwa nini unauliza?"

"Kwetu miti ya miombo isipochanua, msitu mzima hukosa asali."

Kicheko kikakoma. "Swali zuri. Lakini kuuliza si kujibu. Mkulima akija kuomba mkopo wa mbolea, utamrudisha na maswali?"

Nikasema polepole: "Ikiwa kila mzinga una bahati yake, ni thuluthi: umejaa wa kwanza tu, au wa pili tu, au yote. Ikiwa yote hutegemea maua yale yale, ukijaa mmoja, na wa pili karibu hakika umejaa."

"Na vijiji vya tumbaku?"

"Ningeuliza kama mvua yao ni moja. Mpaka nijue, ningechukulia ni moja. Ukikopesha vijiji kumi chini ya wingu moja, umekopesha kijiji kimoja."

Akaandika kitu. "Jumatatu uje mapema. Wengine waambie waende nyumbani."

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami naafiki. Ila, mwanangu, swali ni nusu ya kazi. Ukiulizwa jambo, kwanza tafuta ni nini kimefungamana na nini. Kisha toa jibu lako, useme limesimama juu ya nini, hata kama sauti inatetemeka. Usijifiche nyuma ya udadisi wako.

Nenda salama. Mola akupe jicho la kuchungua na moyo wa kuthubutu, na wanaokungoja mezani wakusikilize hadi mwisho. Amina.