Kwa Nini Nilikaa Mlangoni Siku ya Wembe

Wajukuu wa Somoe, mmenichosha. Kila mkija Baleni ni kuniuliza, "Bibi Mwatima, babu Kombo ulimzuilia dawa kwa nini?" Kama mimi mwizi na nyie polisi. Haya. Kalamu niliishika kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zangu zimelala upande, lakini ni zangu. Someni.

Mume wangu Kombo alikuwa mkwezi. Siku ya Uhuru ndiye aliyepanda mnazi mrefu kuliko yote pale Kilindoni kufunga bendera, na kanzu yake ya Idi akaichana hukohuko juu. Vilipokuja vijiji vya ujamaa, minazi ya shamba la kijiji aliikwea yeye. Mimi chini, naokota. Nikiona nazi zimetosha napiga ukelele, "Basi, Kombo!" naye anateremka.

Ukaja mwaka akawa anateremka kabla sijaita. Mikono imekonda, na chini ya mbavu za kulia pamevimba, pagumu kama kifuu. Somoe, dada yake, akasema ni jipu la ndani, litobolewe usaha utoke. Mimi nikampeleka Kilindoni, kwa daktari aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Kijana, lakini shikamoo yangu alinipa.

Alimpapasa, akamfunua kope, akaona manjano. Akaketi.

"Mama, hii ni saratani ya ini. Ini limejengwa kwa vijinyama vidogo mno, jicho halivioni. Likijeruhiwa, vijinyama hivyo hupelekeana habari: oteni, zibeni. Pakishazibika, huja habari nyingine: acheni. Humu hiyo ya pili haisikilizwi. Vinaambizana oteni tu, na vingine vimeshaingia kwenye damu, vimehamia pafuni."

Kombo akacheka, huku ameshika ubavu. "Yaani mkwezi asiyemsikia mkewe."

"Ndivyo, mzee. Na nani anayeanzisha kelele ile, sisi bado tunatafuta." Akanigeukia. "Dawa ya kumponya sina. Lakini asitobolewe. Pale pamejaa damu, ikifumuka hakuna wa kuizuia."

Ijumaa, baada ya sala, Somoe akaja na Ussi, mpiga chuku, na pembe zake za kuumikia damu na wembe. Nikakaa kizingitini, mchi mapajani.

"Wifi, ondoka! Kaka yangu anakufa!"

"Afe kwa siku aliyoandikiwa, si kwa wembe wa Ussi."

"Umekuwa daktari wewe, uliyejua kuandika jina lako juzi?"

"Juzi nimejua. Wewe lini?"

Ussi alikuwa ameshachutama, ananoa wembe kwenye jiwe langu la kusugulia miguu. Hata haya hana! Ndipo Kombo akaniita toka ndani, sauti ndogo.

"Mwatima, wape nafasi. Nimechoka kuumwa."

Nikaingia, mchi nikauacha umelala mlangoni. Nikamwambia, "Mwili ni wako. Ukitaka, nitakushika mkono na Ussi apite. Lakini alilosema daktari juu ya damu unalikumbuka?"

Nje wembe unakwaruza jiwe, kwaru, kwaru. Akanitazama, nami nikamtazama. Sikumsaidia kujibu.

"Dada," akasema mwishowe, kwa nguvu yote aliyobaki nayo, "mrudishe Ussi kwake."

Somoe alisikia. Baadaye akatangaza kijiji kizima kwamba maneno yale nilimpachika mimi. Kombo alikaa mpaka mpunga ukaiva, akafa amelalia ubavu wa kushoto, mkono wake mkononi mwangu, ngozi yake haina mkato hata mmoja. Matangani Somoe hakunipa mkono, na hajanipa mpaka leo.

Sasa karatasi hii ipelekeni kwa bibi yenu. Msomeeni kwa sauti kubwa, masikio yake mazito kama yangu, na pale kaka yake aliposema, msomeeni mara mbili. Kisha mleteni hapa kwangu. Mimi siendi kwake. Mleteni.