Asumini za Bi Mwanakheri zinavyokufa kwa kumwagiliwa

Adhana ya alasiri imeshapita, jua limeanza kulegea juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, na Bi Mwanakheri Ubwa ameinama juu ya ndoo ya rangi yenye mti wa asumini. Anachuma tumba moja moja kwa ncha za vidole na kuzitia kwenye sahani ya bati. Hachumi kimya.

"Nani kamwaga maji hapa tena?" anauliza bila ya kuinua kichwa. "Nnauliza! Nani?"

Dirisha moja la ghorofani linafungwa taratibu.

Bi Mwanakheri, mwenye umri wa miaka 51, ni mfunga vikuba. Kifungu hicho kidogo cha asumini, waridi na mrehani, ambacho wanawake hukibana kwenye nguo wakienda harusini, ndicho alicholelea wanawe tangu alipofiwa na mumewe. Siku njema hufunga hata thelathini na kuvipeleka Forodhani jioni. Wiki mbili hizi hajapeleka hata kimoja.

Maua yake yote yamo kwenye ndoo kuukuu, madumu yaliyokatwa na masufuria yaliyotoboka, uani mwa nyumba kongwe inayokaliwa na familia tano. Hapo ndipo taabu ilipo. Uwa ni wa wote, basi na maua yamekuwa ya wote.

Kesho Ijumaa anaolewa Yusra, binti wa mdogo wake Kazija, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa. Bi Mwanakheri alimwahidi tangu mdogo kwamba siku ya harusi yake atavaa shingoni koja la asumini za nyumbani, si za kununua. Sasa mti wenyewe una majani ya manjano na tumba chache mno.

Mkosi ulianza kwa wema. Majani yalipoanza kubadilika rangi mwezi uliopita, majirani walikuja mmoja mmoja kumpa pole, na kila mmoja akashangaa kwa namna yake.

"Na mie nnavyoutia maji kila asubuhi!" alisema Bi Nadra wa chumba cha pili. Mzee Himid wa ghorofani alieleza kwamba yeye huumwagilia kila anapokwenda msikitini, kwa kutaka thawabu. Kazija naye alikuwa akiumiminia maji aliyooshea samaki, kwa kuwa marehemu mama yao alisema yananenepesha waridi.

"Waridi, si asumini!" anafoka Bi Mwanakheri, utadhani ameambiwa leo. "Na mie mwenyewe nautia jioni. Mti mmoja, jamani, sote tunaunywesha! Mizizi imeoza, inanuka samaki."

Hasira zilimpanda, akapiga marufuku. Alisimama uani mbele ya wote akatangaza kwamba asiguse mtu ua lake wala kopo lake. Siku zile zile akaitwa Makunduchi kwenye msiba wa shangazi yake, akakaa huko mpaka khitma ya kumaliza matanga.

Aliporudi, asumini ilikuwa imepata nafuu kidogo kwa kupumzishwa maji. Mawaridi na mirehani yote ilikuwa imekauka, ukiigusa inapukutika.

"Tulikusikia, Bi Mwanakheri," Bi Nadra alimwambia, kwa upole uliomkera zaidi. "Ulisema asiguse mtu."

"Watu gani hawa?" anauliza sasa, sahani mkononi. "Ukiwaacha wanazamisha, ukiwakataza wanakausha. Katikati hawapajui!"

Ndipo alipoamua kuhama. Mwanawe Mansour ana kiwanja Chukwani, chenye kisima na nafasi ya kutosha. Akaagiza gari lije kubeba maua yake Jumamosi, harusi ikishapita.

Jua linazidi kushuka, na wanawake wanaanza kutoka vyumbani. Ndiyo ada ya uwa huu. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ya magharibi, maana ikishafunguka haitungiki vizuri. Muda ni mfupi, hivyo kila mwenye mikono hukaa mkekani akatunga, na ujira wake ni kikuba chake mwenyewe.

Leo Bi Mwanakheri anazimimina tumba mkekani na kuzitazama. Sauti inamshuka.

"Koja moja tu hizi," anasema. "Hapana kikuba cha mtu."

Bi Nadra anatia uzi kwenye sindano na kuanza kutunga. Kazija anakaa ubavuni mwake. Kesho, kwa mara ya kwanza, wanawake wa nyumba hii watakwenda harusini bila ya vikuba, na hakuna hata mmoja aliyejitengea tumba.

Koja linapotimia, Yusra anaitwa apimiwe. Anapoinamisha kichwa kuvishwa, machozi yanamtoka Kazija.

"Kazija, maji yako yashatosha kwenye maua haya," anamkemea Bi Mwanakheri. Macho yake mwenyewe yamelowa, na anakasirika zaidi kwa kuonekana.

Na gari la Jumamosi?

"Nishamwambia dereva asije," anasema, kwa pumzi ya mtu aliyechoka. "Chukwani kuna kisima, kuna nafasi. Mtu wa kukaa na mie mkekani hapana. Kazi hii inataka mikono mingi, na mikono yenyewe ndiyo hii inayoniharibia. Nifanyeje mie?"

Mpango wake sasa ni kuotesha vipandikizi vipya harusi ikimalizika, na kubakisha kopo moja tu la kumwagilia kwa nyumba nzima. Aliyekwisha kumwagilia atalifudikiza juu ya kinu kilicho kando ya asumini. Atakayelikuta limefudikizwa, aende zake. Yeye ataliinua kila asubuhi. Leo ameshalifudikiza mwenyewe, na ameyaeleza haya mlango kwa mlango, wengine mara mbili, na hana imani.

Magharibi inakaribia. Mzee Himid anashuka ngazi kwenda msikitini, na kwa mazowea miguu inampeleka upande wa asumini.

"Shikamoo, Mzee Himid," anamwahi Bi Mwanakheri. "Na mkono wako nnauona."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee analitazama kopo lililofudikizwa. Ananyoosha mkono, analigusa, analiacha. Anashika njia ya mlangoni.

Bi Mwanakheri anamfuata kwa macho mpaka anapotoka.

"Alhamdulillahi," anasema. "Huyo mmoja. Bado hawa wengine."