Safari Njema, Baba

Mwezi ule tuliokuwa tunampangia baba safari ya kwenda kuona tembo, baba alianza kugawa vitu vyake.

Kaka yangu akapewa pima maji, ile ya kunyooshea kuta. Kaka ni mlinzi, hajawahi kupanga hata matofali mawili yakasimama.

Mimi nikapewa mwiko wa kujengea. Mimi ni msusi.

"Sasa baba, huu nisukie rasta?"

"Weka tu," akasema. "Chuma kizuri hicho."

Tukacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akacheka. Nataka mjue hilo mapema, kwamba tulicheka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkasema nimeruka.

Baba alikuwa fundi mwashi. Ujanani alichukuliwa na wenzake kwenda kujenga hoteli ndani ya hifadhi ya wanyama. Wakapakiwa kwenye lori lililofunikwa turubai, wakashushwa ndani ya uzio, wakapiga kazi mpaka hoteli ikaisha, wakapakiwa tena wakarudishwa.

Hakuona mnyama hata mmoja. Alikuwa anawasikia tu tembo wakinywa maji nyuma ya ukuta alioujenga mwenyewe.

"Mimi tembo nimemsikia," alikuwa anasema kila wanyama wakionyeshwa kwenye televisheni. "Kumwona bado."

Utani huo tuliusikia mpaka tukauchoka. Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua, na utani ukaacha kuchekesha.

Daktari akampa dawa za kila siku. Sisi watoto akatuita pembeni.

"Akizimeza bila kukosa, mtakaa naye sana," akasema. "Akiziacha, sitaki kuwadanganya."

Baba akameza. Miguu ikapungua kuvimba, akaanza hata kugombana na mama kuhusu chumvi. Tukasema huyu mzee lazima akamwone tembo wake, daktari akishamruhusu kusafiri.

Wazo la sapraizi lilikuwa la mdogo wetu wa mwisho, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa fulana.

"Asijue chochote," akasema. "Siku yenyewe tunamwamsha, tunamvalisha vizuri, tunampakia kwenye gari. Anashtukia tembo huyu hapa!"

Tatizo likawa nyumba.

Nyumba yetu baba aliijenga mwenyewe, na mafundi mnawajua. Za watu alizimaliza, ya kwake bado. Haina dari, na ukuta wa kati uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Ukikohoa jikoni, chumbani wanakujibu "pole".

Mama naye hakutaka kumwacha mgonjwa peke yake. Kwa hiyo vikao vyote vilikuwa pale pale sebuleni, baba kajilaza upande wa pili.

Kaka tunamwita Mwenyekiti, kwa jinsi anavyopenda vikao. Akatuita nje getini, akaweka sheria.

"Humo ndani hakuna kutaja tembo. Hakuna kutaja hifadhi, hoteli, wala mnyama yeyote. Tunasema tu 'safari ya mzee'. Hata akisikia, hataelewa kitu."

Tulimwona ana akili sana.

Basi tukawa tunanong'ona.

"Daktari anasemaje?"

"Mwisho wa mwezi."

"Gari la safari ya mzee?"

"Tayari. Mama atakaa naye. Sisi wengine na mashangazi tutafuata na basi."

"Mahema?"

"Yapo, nimehakikisha."

"Fulana tuweke picha yake ipi?"

"Ile ya suti. Katoka vizuri."

"Na mama, tafadhali, siku hiyo usilie."

Mama yetu hulia hata kwenye harusi za majirani. "Nitajikaza," akasema, na sauti ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

Fulana zikaja. Nyeupe, baba na suti yake kifuani, na chini ya picha maandishi makubwa: SAFARI NJEMA BABA. Tukazificha kwenye sanduku la mama, chini ya kitanda.

Siku moja nilikuwa namkata baba kucha. Akaniambia bila kuniangalia.

"Nimesikia mnanipangia safari."

Kidogo nimkate kidole.

"Nani kakwambia?"

"Huo ukuta nimeujenga mimi. Naujua."

Nikacheka. Nifanye nini? Siri ilishatoboka.

"Basi baba, jifanye hujui. Usituharibie."

"Daktari kawaambia mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo. Na haibadiliki tena, tumeshalipia kila kitu."

Akanipa mkono wa pili.

"Mama yako naye anajua?"

"Anajua? Yeye ndiye anayetuhimiza."

Akaangalia kucha zake, zile nilizokwisha kuzikata na zile bado.

"Basi sawa," akasema. "Mmejipanga. Mimi sitawasumbua."

"Utapumzika, baba. Utafurahi mwenyewe."

"Haya, mwanangu." Akanishika kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mtoto.

Nilitoka chumbani nimefurahi kweli kweli. Sikumwambia mtu kwamba baba ameshajua, nisije nikamvunja moyo mdogo wetu.

Kuanzia hapo ndipo akaanza kugawa. Pima maji, mwiko, viatu vya kazi. Redio yake, ambayo hata mama alikuwa haruhusiwi kuigusa, akampa kinyozi, rafiki yake wa miaka yote aliyekuwa anakuja kumnyoa nyumbani.

Mwenyekiti akasema mzee anasafisha nyumba. Mama akasema wazee ndivyo walivyo.

Miguu ikaanza kuvimba tena. Pumzi ikawa fupi, akawa analala amekaa.

"Baba, dawa unameza?"

"Nameza."

Mama alikuwa anampelekea vidonge na maji, kikombe kinarudi kitupu. Tungemtilia shaka kwa lipi?

Alifariki asubuhi, siku chache kabla ya tarehe yetu. Mama alimkuta ameegemea ukuta, kavaa shati safi, vifungo vyote vimefungwa.

Sitaelezea kilio.

Gari likaja lile lile. Basi lile lile, na mashangazi wale wale. Mahema ya kulala kule hifadhini hatukuyahitaji. Mdogo wetu akavuta lile sanduku, akagawa fulana huku analia. Maneno yalikuwa yanafaa, hatukubadilisha hata herufi.

Pale mazikoni mama mmoja wa jirani alinikumbatia.

"Poleni. Ila mmejipanga jamani, utadhani mlikuwa mnajua."

Nilimwitikia asante.

Tuliporudi, kinyozi akanifuata uani. Ameshika redio.

"Chukua," akaniambia. "Nyumbani kwangu siwezi kuiwasha. Nikiiona namwona yeye."

"Baki nayo, baba mdogo. Alikupa kwa moyo."

"Alinipa siku aliyoniambia kwamba daktari kawapa nyinyi siku zake, yeye mkamficha."

"Siku gani?"

"Mwisho wa mwezi. Akasema mmeshakodi gari, mama yenu atakaa naye, ndugu watafuata na basi. Nikamwambia acha kuota. Akavuta sanduku, akanionyesha hiyo."

Kidole chake kilielekea kifuani kwangu.

Nikainamisha kichwa. Baba ananiangalia, amevaa suti. Safari njema.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Kwa nini hukutuuliza?" nikamwambia. "Kwa nini yeye hakutuuliza?"

"Nilimwambia awaulize. Akanijibu ameshamuuliza binti yake, akakubali kila kitu."



"Akasema watoto wameshalipia," kinyozi akaendelea, "hawezi kuwapitisha tarehe."

Vidonge tulivikuta kwenye ndoo yake ya vifaa, chini ya kamba ya kupimia, vimefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Tulipovihesabu, tukajua alikuwa ameanza kuviacha tangu siku ile ya kucha. Mama alivishika mkononi, akauliza kama vinaweza kurudishwa hospitali, wapewe wengine. Hiyo ndiyo sentensi yake ya mwisho ndefu. Siku hizi anaitikia tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi simu ilipigwa kutoka hotelini kule hifadhini. Mtu mchangamfu kabisa.

"Tumewaandalia chumba kinachotazama bwawa. Mzee ataona tembo akiwa kitandani. Mko wapi?"

Nikakata simu.

Mnaosoma hapa na mna wazazi, nawaomba kitu kimoja. Mkimwandalia mzee jambo jema, lisemeni kwa jina lake. Tembo aitwe tembo. Baba yangu aliondoka akiamini kwamba tulikaa sebuleni kwake, chini ya paa lake, tukapanga kumzika akiwa anatusikia. Na hakutulaumu. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Kaka aliacha vikao. Akachukua ile pima maji, akaniomba mwiko, akaujenga ule ukuta mpaka ukafika kwenye bati. Umepinda, mtu yeyote anaona, lakini hakuna aliyemwambia.

Sasa ukikohoa jikoni, chumbani hakuna anayekujibu.