Kupanga au Kuchagua

Nafundisha hisabati kidato cha tano hapa Mpanda, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya kuhesabu, wanafunzi hukwama palepale: nitajuaje kama swali hili ni la kupanga au la kuchagua? Mimi huwapa dawa moja tu. Chukua watu wawili uliowapata, wabadilishe nafasi. Kama hakuna kilichobadilika, umechagua. Kama kuna mtu kanuna, umepanga. Darasa hucheka, tunaendelea.

Mwaka huu nilishindwa kucheka nao. Wiki hiyo mwenye duka la vitenge sokoni, ambaye siku zote huniita mwalimu, alinipokea kwa upole uliozidi: "Karibu, bi mkubwa." Nikaganda. Umri wa kuitwa hivyo kwa heshima tu sijaufikia. Kama mimi ni bi mkubwa, basi mahali fulani kuna bi mdogo, na sokoni wanamjua.

Nilipofika nyumbani Nsemulwa nikamuuliza mume wangu. Hakukataa. Ameoa, na mwenzangu anakaa Makanyagio kwenye nyumba mpya, ile niliyoambiwa ni ya kupangisha.

"Nyie wote ni wake zangu," alinibembeleza. "Kwangu mimi hakuna wa kwanza wala wa pili. Mko sawa."

Nililia, sifichi. Hasira ilinijaa, nikatamani kufunga mabegi nirudi kwetu Magamba. Lakini bado nilitaka kumwamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama yake amepooza. Tangu augue, wa kumgeuza kitandani ni mimi, wa kumlisha ni mimi, wa kumwogesha ni mimi, halafu ndiyo nakimbilia kipindi cha kwanza. Nikasema ngoja nipime kama ninavyowafundisha watoto wa watu.

"Kama tuko sawa, tubadilishane," nikamwambia. "Mimi nihamie Makanyagio. Yeye aje hapa, akae na mama."

Alikohoa, akaangalia simu yake.

"Mama ameshakuzoea wewe, mke wangu."

Kumbe nimepangwa. Kutoka chumbani mama mkwe aliita, anataka maji. Mwanawe wala hakugeuka. Alinitazama mimi, akasubiri. Nikainuka.